Hilo Niachie Mimi, Mzee

Tangu nianze kujenga huko Chanika, kila ninayekutana naye ni mshauri wa ujenzi. Muuza mihogo wa kituoni anajua bei ya nondo. Kinyozi wangu alisimamisha mashine katikati ya kichwa ili anieleze hasara za kumwaga jamvi siku ya jua kali, nikatoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri na upande wa pili kwa haraka. Hata mzee wa kanisa, badala ya kuniuliza habari za roho yangu, aliniuliza kama nimeweka mkanda wa chini. Hawakubaliani juu ya lolote, ila wote humalizia kwa neno lile lile: "Lakini wachunge sana mafundi."

Haya, niwachunge. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza namna ya kumchunga mtu anayefika saiti saa tatu wakati mimi nimekwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto, anayeondoka saa tisa wakati mimi nipo ofisini nakagua hesabu za watu wengine, na ambaye kila nikimuuliza swali jibu lake ni hilo moja: "Hilo niachie mimi, mzee."

Saruji itatosha? Niachie mimi. Msingi hauna kina kifupi? Niachie mimi. Ukuta wa jikoni mbona umeingia barazani? Hapo hakusema nimwachie, maana alikuwa ameshauachia yeye mwenyewe. Alisema, "Ramani ndiyo inavyotaka." Ramani yenyewe nilikuwa nayo mkononi.

Si kwamba serikali haikutufikiria. Tangu 1997 tuna sheria ya usajili wa makandarasi na bodi yake, na makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza, hao wanaosimamisha minara ya vioo mjini, hadi la saba. Wahandisi wana bodi yao. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi nao wana yao. Ukidhulumiwa na mtu aliyesajiliwa, una mahali pa kwenda kulia na watakuuliza namba yake ya usajili. Mimi sina ugomvi na mpango huo. Kasoro yake ni kwamba hata huyo wa daraja la saba ana ofisi, ana kodi ya kulipa, ana gari lenye jina la kampuni ubavuni, na makadirio yake inabidi uyasome ukiwa umekaa. Sisi tunaojenga kwa mshahara, ambao mwezi huu ni tofali na mwezi ujao ni ada ya shule, hatumfikii. Tunayemfikia ni fundi. Fundi hana daraja. Ana mwiko, ana pima maji ambayo kiputo chake hakijasogea tangu enzi za Mkapa, na ana namba mbili za simu: moja ya kupokelea hela, nyingine ya kutopatikana.

Kwenye saiti za wenye uwezo huwa kuna bango kubwa mbele, limeandikwa nani ni nani. Siku moja nilijaribu kulitunga la kwangu. Msanifu: picha aliyonitumia shemeji WhatsApp. Mhandisi: fundi. Mkadiriaji majenzi: fundi, kwa vidole. Mkandarasi: fundi, namba yake haipatikani kwa sasa. Mwenye mradi: SACCOS ya ofisini kwetu.

Huyu fundi nililetewa na jirani, na alikuja na ushahidi wa kazi zake ndani ya simu. Nyumba nzuri mno. Moja ilikuwa ya ghorofa, na juu ya paa lake kulikuwa na theluji. Nikamuuliza, hii ni wapi? Hakubabaika hata kidogo. "Hii ni Lushoto, mzee. Kule baridi kali." Nami nimekaa Lushoto, na ninaifahamu baridi ya Lushoto, haijawahi kufika hapo. Lakini alinionyesha na ukuta aliojenga pale pale mtaani kwa jirani, tukaushushia timazi, ukawa umenyooka wima. Kazi anaijua. Hilo nitaliambia hata baraza la ardhi.

Na hapa ndipo washauri wangu wote wanapokosea. Wanadhani hatari ni fundi asiyejua kazi, au fundi mwizi wa usiku anayebeba mifuko ya saruji kichwani. Hao wapo, lakini ni wepesi kuwajua. Wa kwangu hakuwa mwizi wa namna hiyo, na nimechukua muda mrefu kuielewa mizunguko ya fedha zake, ila sasa naielewa kuliko ninavyoelewa mfuko wangu wa pensheni.

Hela niliyompa ya ufundi wa msingi haikukaa kwenye msingi wangu. Ilikwenda Mbande, kumalizia plasta ya mama mmoja aliyekuwa ametishia kwenda polisi. Hela ya yule mama wa Mbande, ya plasta hiyo hiyo, ilikuwa imeshakwenda Kitunda kulipa saidia fundi waliogoma juu ya kenchi. Ya Kitunda ilikwenda wapi sikuweza kufuatilia. Nadhani ukirudi nyuma vya kutosha utamkuta Mwingereza mmoja ambaye bado anadai veranda. Ni upatu, isipokuwa kwenye upatu wanachama wanajuana, wana daftari, na zamu yako ikifika unakula. Huku tunachanga bila kuonana, na mtunza hazina ndiye anayekula kwenye kila zamu.

Ndiyo maana fundi wa aina hii huwa na haraka ya ajabu kuanza kazi. Siku ya kwanza alikuja alfajiri, na saidia fundi wanne, kamba, mambo, chokaa, mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyomdhania vibaya. Kufikia saa sita msingi ulikuwa umesetiwa na mtaro umefika nusu. Ile haikuwa bidii. Ilikuwa ni kunifunga kamba. Ukishachimbiwa nusu ya mtaro, na advansi imetoka, fundi mwingine hakubali kuja kuendeleza kazi ya mwenzake bila kwanza kutikisa kichwa kwa huzuni na kukwambia inabidi kubomoa. Kwa hiyo unamsubiri yule yule wako.

Kwa hiyo mtu akija leo kuniomba ushauri, na hakuna anayeomba kwa sababu kila mtu ni mshauri, nitamwambia asiulizie nyumba ambayo fundi ameimaliza. Hiyo atakupeleka mwenyewe kwa furaha, na wenye nyumba watakupa soda. Uliza nyumba aliyotoka jana. Muombe namba ya mteja wa mwisho kabla yako. Ukisikia kigugumizi, ujue kwamba huyo mteja ndiye unayekwenda kumjengea.

Tuje kwenye vifaa. Mimi nilijiona mjanja kwa kusema nitanunua vifaa mwenyewe na fundi nitamlipa mikono yake tu. Wengi tunafanya hivyo na ni jambo zuri, ila msidhani mmemaliza. Fundi alinielekeza duka. "Pale ni kwa watu wetu, mzee, wanatoa bei nzuri." Walitoa bei nzuri kweli, nzuri kwa fundi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na cha juu chake. Niligundua siku nilipomtuma mke wangu, ambaye hawamfahamu, akaletewa nondo zile zile kwa bei pungufu na akaongezewa kilo moja ya misumari.

Kuhusu nondo zenyewe, kuna hesabu moja ambayo ingefaa kufundishwa shule ya msingi badala ya ile ya mabomba mawili yanayojaza tangi moja. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 162. Unapata uzito wa mita moja kwa kilo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7. Mimi niliibeba moja ya kwangu mpaka kwa vijana wa chuma chakavu, maana hao ndio wenye mizani ya kweli mtaani. Kijana akauliza, "Unauza?" Nikamwambia napima. Akaniangalia, akaiangalia na nondo, akaona mzee ameanza kuchanganyikiwa na ujenzi. Mizani ikasoma kilo 9. Nikapiga hesabu kwa kurudi nyuma, nikapata milimita 11, saizi ambayo hakuna kiwanda kinachokiri kuitengeneza. Nilipoirudisha dukani, muuzaji alisema imepungua kwa jua.

Hapo nilikuwa nataka kucheka na ikashindikana. Nondo ya lenta ndiyo inayoshikilia tofali zilizo juu ya mlango ambao wanangu watakuwa wanapita. Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, mtaani kwetu tulikaa mbele ya televisheni siku kadhaa tukitazama waokoaji wakifukua kwa mikono, na kwa wiki nzima kila mtu alikuwa akiingia ndani ya jengo lolote anatazama kwanza juu. Kisha tukaacha kutazama. Nondo nilibadilishiwa, kwa kelele.

Mabati ni kichekesho kingine. Geji ya bati, namba ikiwa kubwa bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Nani alipanga hivyo simjui, lakini fundi angemjua angemtumia zawadi kila Krismasi. Nilikuwa nimetaka 28. Fundi akanipigia simu kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka: "Mzee, dukani 28 zimekwisha, lakini nimeongea nao kwa ajili yako, wamekupandishia mpaka 30 kwa bei ile ile." Kama si kinyozi wangu, yule yule wa mashine, ningemshukuru.

Tofali nazo. Mfuko mmoja wa saruji, kwa mfyatuaji anayemwogopa Mungu, unatoa tofali za inchi sita kama 30 hivi. Kuna wanaotoa 50 na zaidi, na tofali zao unazijua kwa sababu mtoto akizichora kwa kidole zinachoreka. Sitaki kusema mengi hapo. Dondosha moja chini kutoka usawa wa kiuno kabla hujalipa, muuzaji atanuna, wewe endelea na safari.

Penye utajiri wote ni saruji, na kuilinda saruji ndiko kulikomleta shangazi kwenye mradi huu.

Shangazi alikuja kutoka Muheza kutibiwa macho. Sijui daktari alimtia dawa gani, maana tangu hapo haoni vizuri tu, anaona na yasiyoonekana. Alichoka kukaa ndani, akaomba apelekwe akaone huo mjengo wa mwanawe. Nikampeleka asubuhi, nikamwachia kigoda, kivuli cha mkorosho na chupa ya chai. Jioni nilipomfuata alikuwa na mfuko wa rambo umejaa kokoto.

"Hizi ni nini, shangazi?"

"Hesabu," akasema.

Kila mfuko wa saruji ulipochanwa aliokota kokoto moja. Fundi alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba jamvi limemeza mifuko 40. Shangazi alikuwa na kokoto 31. Fundi akacheka kwa heshima, akasema bibi amesinzia kidogo mchana, si unajua wazee. Akaenda kwenye rundo la mifuko mitupu, akaihesabu mbele yetu kwa sauti, ikafika 40 kamili. Mimi nikaanza kumwonea shangazi haya. Yeye akanyanyuka, akaenda kwenye lile rundo, akaanza kuipindua mmoja mmoja.

Nchi hii saruji yetu inapenda majina ya wanyama. Mimi nilikuwa nimenunua mnyama mmoja. Kwenye rundo tulikuta wa pili, na chini kabisa, mfuko mkavu wenye utando wa buibui, akatoka na wa tatu.

"Hawa wengine," akauliza shangazi, "walikuja kunywa maji?"

Fundi hakupata jibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kimya kutoka kwake bila simu kuzimwa. Akasema atafuatilia. Mifuko tisa ilirudi siku mbili baadaye kwa bodaboda, mitatu mitatu, na hadi leo maelezo rasmi ni kwamba ilisahaulika.

Kuanzia siku hiyo shangazi akawa msimamizi wa mradi. Alidai aelezwe zege linachanganywaje, nikamweleza kama nilivyosoma: moja, mbili, nne, saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani haujazi ndoo mbili za lita 20. Kwa hiyo mfuko mmoja unataka mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba. Vijana walikuwa wakipima kwa toroli, na toroli la saidia fundi aliyechoka ni kipimo cha kiroho, linajaa kadiri ya imani yake. Shangazi akalipiga marufuku. Ndoo, na ndoo isawazishwe kwa ubao mdomoni, namna anavyosawazisha pishi ya mchele sokoni kwao Muheza. Wakapima kwa ndoo. Kisha akagundua kwamba zege linatakiwa kumwagiliwa maji walau siku saba, jambo ambalo fundi alikuwa amenijibu kwamba nimwachie yeye na mvua, akawa anawaamsha vijana kwa simu yangu.

Fundi alijaribu kumhonga kwa kumwita "mama mkwe". Akamjibu kwamba binti zake wote wameolewa na wanaume wanaopokea simu.

Hata shimo la choo lilipita mikononi mwake. Wachimbaji wanalipwa kwa futi, na walidai futi 15. Walishusha kamba mbele yangu, nikaona fundo la 15 limefika juu, nikatoa pochi. Shangazi akauliza kwa nini kamba inaanzia juu ya kichuguu. Ni kweli, udongo uliotoka shimoni walikuwa wameurundika mdomoni mwa shimo na kipimo kilianzia kileleni. Tuliposhusha kutoka usawa wa ardhi ikawa 12 na kidogo. Yaani nilitaka kuwalipa futi tatu za kupanda.

Ninaye binamu yangu Muscat, yeye anajenga Kibaha kwa picha. Anatuma riyali, anatumiwa picha. Alifurahi sana na kasi ya kazi mpaka aliponitumia moja nimsaidie kuchagua rangi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mwembe mkubwa, mzee, wenye kivuli cha kutosha mkutano wa kijiji. Kiwanja chake ninakifahamu, nilisimamia kupimwa kwake. Hakina hata mpapai. Alipomuuliza fundi wake, aliambiwa kwamba mwembe ule umekua haraka kwa sababu ya mvua. Nimemwambia binamu asitume tena hela, atume tiketi ya kumkodi shangazi yangu. Hajanijibu. Nadhani anazungumza na mkewe.

Baada ya mambo ya saruji nikasema sasa inatosha, tuandikiane. Sheria ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo, lakini mdomo wa fundi hukumbuka alichodai na kusahau alichoahidi. Nikanunua daftari, nikagawa kazi kwa hatua: kupandisha boma, lenta, kupaua na kuezeka, plasta, na kila hatua ina malipo yake baada ya kuikamilisha, si kabla. Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Njiani aliniuliza kwa uchungu wa kweli, "Mzee, kwani hatuaminiani?" Nikamwambia tunaaminiana, tunakwenda kuuwekea muhuri huo uaminifu wetu.

Mtendaji alimsomea vipengele vyote. Fundi alikubali ratiba bila kusikiliza. Alikubali fidia ya kuchelewa bila kupepesa. Palipofika kwenye chakula cha mchana akakaa wima, akavuta kiti, na majadiliano yakachukua muda mrefu kuliko mengine yote. Nilitaka wale wanachopikiwa. Akataka hela ya kula mkononi. Tulimalizana kwa chai ya saa nne na vitafunwa viwili kwa kila mtu, wali siku za zege. Hicho ndicho kifungu pekee cha mkataba wetu ambacho hakijawahi kuvunjwa na upande wowote.

Kipengele kimoja alikikataa kabisa. Kwenye kandarasi za barabara serikali hubakiza sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha matazamio kiishe, ili lami ikifumuka arudi kuishona. Nikapendekeza na mimi nibakize moja ya kumi mpaka masika yapite. Fundi akamgeukia mtendaji badala yangu. "Mheshimiwa, barabara ya Morogoro na choo cha huyu mzee, wapi na wapi?" Mtendaji akacheka mpaka akagonga muhuri mahali pasipohusika.

Nikamgusia na habari za VETA, kwamba wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kurudishwa darasani miaka. Akasema cheti hakishiki mwiko. Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya 2011, mamlaka yao ya ujenzi husajili hadi mafundi stadi na wasimamizi wa saiti, si makampuni peke yake. Nadhani ni jambo la maana, ingawa nikiri kwamba cheti cha fundi wangu kingesema anajua kujenga, jambo ambalo silibishi. Cheti cha kusema hela ya mtu italala wapi usiku bado hakijachapishwa na nchi yoyote.

Basi tumeenda na daftari letu. Boma likapanda, lenta ikamwagwa chini ya ulinzi wa kigoda, kenchi zikasimama. Kwenye kuezeka, mimi mwenyewe ndiye niliyevunja utaratibu, kwa sababu alinijia na picha ya mtoto hospitalini, na mtu hawezi kumwambia mwenzake mwenye mtoto hospitalini asome kifungu cha nne. Nikampa hela ya ufundi wa paa mapema. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Fundi akapotea.

Mabati yapo sebuleni kwangu kwenye nyumba ya kupanga, geji 28, yameegemea ukuta nyuma ya televisheni, kwa sababu shangazi alikataa yalale saiti. Kenchi zimekaa wazi zinapigwa jua. Siku moja simu ikaita ikapokelewa, akasema hayupo mbali, tatizo ni vijana, vijana wanamdai, bila kuwapunguzia hawapandi juu ya paa la mtu. Akipata kidogo tu mahali, siku hiyo hiyo anakuwa Chanika. Nikamuuliza hicho kidogo atakipata wapi. "Hilo niachie mimi, mzee."

Wiki iliyopita, baada ya taarifa ya habari, ikaingia namba nisiyoifahamu.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, mimi naishi Msongola. Nataka kuanza msingi wangu, kuna fundi amenipa namba yako. Anasema wewe ndiye mteja wake wa mwisho."

Shangazi akapunguza sauti ya televisheni.

"Marahaba, kijana. Ndiyo, namfahamu."

"Kazi yake ikoje?"

"Kazi anajua. Kuta zangu zimenyooka."

"Sasa anataka advansi nusu ya hela ya ufundi. Nimpe?"

Nilitazama mabati. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika tangu Jumapili.

"Nusu usimpe," nikamwambia. "Usithubutu. Mpe robo. Mengine kwa hatua, na kwa maandishi, mbele ya mtendaji. Saruji nunua mwenyewe na mifuko uijue kwa mnyama wake. Nondo pima kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndoo, usikubali toroli. Na kama una shangazi, mwite."

Nilisikia kalamu ikiandika upande wa pili.

"Ahsante sana, mzee, umenifumbua macho. Basi ngoja nitulie kwanza, nijipange. Hiyo robo nitampa labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao?" Nikanyanyuka kwenye kiti. "Hapana, kijana, mwezi ujao ni mbali, saruji inapanda. Hiyo robo mpe kesho. Na mpe alfajiri, maana saa mbili anatakiwa awe juu ya paa Chanika."